Mulilala Namna Gani, Mama?

Stéphane Lukusa ni muuguzi. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe hapendi lianzwe. Ukimwita muuguzi anakuitikia akiwa ameshakunja uso. Ukimwita docteur anakuitikia kabla hujamaliza kutamka. Nimefanya kazi naye miaka kumi na moja katika kituo kimoja cha afya hapa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, yeye mkuu wa kituo, mimi mkunga, na katika miaka yote hiyo sijamsikia akisema "sijui" hata mara moja. Husema "je vérifie", yaani nahakikisha. Akisema hivyo, ujue hajui, na ujue pia kwamba hatatafuta.

Babu yake aliletwa kutoka Kasai kwa treni kuja kufanya kazi ya migodi. Baba yake aliendesha kichwa cha treni cha kampuni mpaka kazi ilipokwisha. Kati ya watoto saba, yeye ndiye ambaye familia ilimchagua awe daktari, wakamtuma Lubumbashi na sanduku jipya. Alirudi baada ya miaka miwili na sanduku lilelile. Alisema profesa alimchukia. Mwaka uliofuata walikuwa maprofesa wawili, na sasa, akisimulia, ni chuo kizima kilichomkalia kikao. Akasoma uuguzi. Hilo si aibu, hata mimi nilifika kwenye ukunga baada ya milango mingine kufungwa. Lakini mimi nilikubali kuwa mkunga. Yeye alivaa koti jeupe la daktari, akaweka kalamu nne mfukoni, tatu zimekauka wino, na mpaka leo anapanda pikipiki yake akiwa na stetoskopu shingoni, asije mtu wa barabarani akamdhania fundi.

Chuki yake kubwa ni Kiswahili chetu. Hapa Kolwezi, jambo unalolifanya kila mara unaliongezea -ka mwishoni: minaendaka, anakunywaka, banasemaka. Watoto wanaijua kabla ya kujua kuvaa viatu. Stéphane anaiona -ka hiyo kuwa uchafu wa kambi na soko. Alisikia mahali fulani kwamba watu wa mashariki hawaitumii hivyo, basi akajipa kazi ya kuifuta kituo kizima. Mama akija akasema "mutoto anatapikaka", Stéphane anamsahihisha mama kwanza, mtoto baadaye. Kichekesho ni kwamba akikasirika zinamtoka zote, -ka juu ya -ka, kama mtu yeyote wa mtaani kwao.

Mwaka jana walikuja watu wa chuo kikuu. Walitaka kujua jambo moja: mwanamke aliye katika wiki za mwisho za mimba, je, namna anavyolala inabadilisha namna moyo wake unavyopiga? Walituachia mkanda wa kufunga chini ya matiti, kompyuta ndogo ya mkononi inayopokea mapigo, na karatasi mbili za maelekezo. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Unamuuliza mama jinsi anavyolala nyumbani kila siku. Unachagua kisanduku kimoja kati ya vinne: chali, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, au amekaa. Kisha unamlaza vilevile dakika kumi, na mashine inahesabu.

Hebu nieleze inahesabu nini, kwa sababu Stéphane aliwaeleza akina mama kwa Kifaransa chake cha sherehe na hakuna aliyetoka na kitu. Moyo wa mtu aliyetulia haupigi kama saa ya ukutani. Kati ya pigo na pigo kuna nafasi, na nafasi hizo hazilingani. Moja ndefu kidogo, nyingine fupi kidogo. Fikiria mwanamke anayetwanga sombe, majani ya muhogo, huku anapiga gumzo na jirani: mchi unapanda, unangoja kidogo, unashuka, anacheka, unapanda tena. Huyo ana raha. Sasa mwambie wageni wako mlangoni na sombe haijaiva. Atatwanga mbiombio, pigo moja sawa na jingine, bila nafasi ya kucheka. Moyo uliobanwa hufanya hivyo. Mashine ile ilikuwa inatafuta hizo nafasi za kucheka.

Na mimba kubwa inaweza kuubana moyo bila kuugusa. Mama wa miezi minane akilala chali, tumbo lote linaukalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Damu hairudi ya kutosha, moyo unaanza kukimbia kufidia, mama anatoka jasho, anaona giza, anataka kutapika. Mgeuze ubavu wa kushoto, mambo yanatulia. Hili nililifundishwa shuleni, na nimeliona kwa macho yangu mara ambazo siwezi kuzihesabu. Wako wanaovumilia mgongo bila shida kubwa, na wako wasioweza hata dakika tano.

Basi, kwenye karatasi ya chuo swali liliandikwa kwa Kiswahili cha hapa, na liliandikwa vizuri: "Unalalaka namna gani?" Stéphane alilisoma, akachukua kalamu ile moja inayoandika, akalikata.

"Hii haina Kiswahili," alisema. "Ni luga ya ku soko. Na tena haina politesse. Mwanamuke mwenye mimba unamusemesha na heshima."

Juu yake akaandika swali lake mwenyewe: "Mulilala namna gani, mama?"

Mtu yeyote aliyezaliwa hapa anajua kwamba hilo si swali. Hiyo ni salamu ya asubuhi. Ina jibu moja tu, tulilala muzuri, na unalitoa hata kama paa lilivuja, hata kama jirani amekuwa akichimba kobalti chini ya chumba chako mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Huwezi kumwambia mtu anayekusalimu kwamba ulilala kwa ubavu wa kushoto na mto kati ya magoti. Atakuona huna adabu.

Nilikuwapo siku ya kwanza. Mama wa kwanza akaingia, akakaa, na Stéphane akamtazama juu ya miwani.

"Mulilala namna gani, mama?"

"Tulilala muzuri, docteur. Na weye?"

"Mi pia, aksanti," akajibu, maana hata yeye mdomo wake ulijua kwamba ni salamu. Kisha akatazama kompyuta. Hakukuwa na kisanduku cha "muzuri". Alikaa akifikiri, na mimi nikangoja aone kosa lake. Hakuliona. Kwa Stéphane, mtu aliyelala vizuri amelala chali, mikono kifuani, kama maiti ya mtu mwenye heshima. Akabonyeza "chali", akamwambia mama apande kitandani, alale kwa mgongo.

Alifanya hivyo kwa mama wa pili, wa tatu na wa kumi. Wote walilala muzuri, kwa hiyo wote walilala chali. Wengine walianza kuhangaika kabla dakika kumi hazijaisha, naye akawaambia watulie, kwamba sayansi inataka uvumilivu. Walipotoka niliwageuza mimi, kwenye kitanda cha chumba changu, nikawapa maji, wakaenda zao.

Kwa nini sikusema? Mtaniuliza hilo, na mna haki. Mwanzoni nilicheka. Nilimweleza Darlène wa dirisha la dawa, na kwa wiki tatu hatukuwa na burudani nyingine wakati wa chai. Darlène anaigiza vizuri. Anashusha miwani isiyokuwepo, anauliza mulilala namna gani, mimi najibu muzuri, naye anaandika hewani kwa kalamu kavu. Miaka kumi na moja mtu yule aliniita "ma fille", binti yangu, mbele ya wagonjwa, na mimi ndiye mkubwa kwa miaka sita. Mwache ajivimbie, nilisema. Mwache apeleke karatasi zake chuoni, wamjue. Nilikuwa namngoja aanguke, na nilitaka aanguke kutoka juu.

Kisha akaja Naomie Kankolongo.

Naomie alikuwa na miaka ishirini na mitatu na mimba ya wiki thelathini na nne. Nilimfahamu vizuri. Mtoto wake wa kwanza alimzaa Fungurume, mume wake alipokuwa akichimba huko. Mtoto alikuja kwa miezi saba. Hakulia. Alikaa saa mbili tu, na hapakuwa na mashine ya kumtia joto, kama isivyokuwapo hapa kwetu. Tangu mimba hii ianze, Naomie alikuwa akihesabu wiki kwa vidole kila alipokuja kliniki, na kila mara aliniambia jambo lilelile: huyu atambeba mpaka siku ya mwisho, hata wakimfunga kamba.

Siku hiyo, asubuhi, nilikuwa chumba cha kuzalia na mama mwingine. Nilimaliza, nikaosha mikono, na nilipofungua mlango nikasikia Naomie analia, sauti imejaa korido nzima. Si kilio cha uchungu wa kuzaa, hicho nakijua. Nikaingia chumba cha vipimo. Alikuwa bado chali, mkanda kifuani, uso umekuwa rangi ya majivu, jasho limelowesha kitenge. Stéphane alikuwa amesimama dirishani na simu, anaita gari la kumpeleka hospitali kuu. Mkononi alikuwa na barua, imeshapigwa muhuri.

"Mama Mushiya, tunamutransfera," aliniambia, na sauti yake ilikuwa na furaha. Naapa ilikuwa na furaha. Hatimaye alikuwa amepata ugonjwa mkubwa. "Cardiopathie. Angalia: cent vingt-deux, tension huit-cinq, na variabilité hakuna. Mashine iko rouge yote. Batamupasua leo, batamutosha mutoto, bataokoa mama."

Mapigo mia na ishirini na mawili, shinikizo la damu nane kwa tano, nafasi za kucheka hakuna, kioo chote chekundu. Nikachungulia ile barua. Alikuwa ameandika kwamba mama ana ugonjwa mkali wa moyo, apasuliwe haraka. Na akaongeza mstari ambao mpaka leo sijausahau: kwamba mapigo haya hayatokani na kulala, kwa kuwa mama mwenyewe amesema analala chali kila siku.

Naomie akanishika mkono. "Mama Mushiya, banasema batamutosha mutoto leo. Haiyafika. Mi nilihesabu wiki, haiyafika. Huyu pia atakufa."

Nilimuuliza tu, kwa luga ya soko: "Naomie, ku nyumba unalalaka namna gani?"

"Ku mukono ya kushoto, mama, na mto huku mu magoti. Ao ku kiti. Ku mugongo mi siwezaka kabisa. Minasikiaka sawa vile minazama."

Nikamgeukia Stéphane. "Umesikia?"

"Aliniambia analala muzuri!"

"Alikusalimia, Stéphane."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake tupu. Hakupenda. Alisema mimi si daktari, na hilo ni kweli. Sikumkumbusha kwamba kati yetu wawili hapakuwa na daktari hata mmoja. Nikaweka mkono chini ya bega la Naomie na mwingine chini ya nyonga, nikamgeuza ubavu wa kushoto, nikakunja kitenge kikavu nikakisukuma mgongoni pake kimshikilie. Mkanda nikauacha hapohapo.

"Acha mugonjwa wangu!" Stéphane akapiga kelele, na hapo zikaanza kumtoka. "Kila siku unajifanyaka! Unaingiliaka kazi ya bantu! Mi njo minaongozaka hapa, mi njo minaandikaka, we unazalishaka tu!"

"Dakika kumi," nilimwambia. "Zilezile za karatasi yako. Ikibaki rouge, mi mwenyewe nitapanda mu gari naye."

Gari lilikuwa limeshafika, linanguruma uani. Stéphane alitazama gari, akatazama mashine, akatazama mlango uliojaa akina mama wanaochungulia. Nadhani ni hao waliomshinda. Hakutaka kuonekana anaogopa dakika kumi. Akakunja mikono, akasimama.

Dakika ya kwanza hapakuwa na kitu. Naomie alikuwa anapumua kwa kuvuta, macho yamefungwa, anasema sala. Nami nikaanza kuogopa. Sitaficha. Moyo mbovu kweli upo pia duniani, na nilikuwa nimemdharau mtu yule kwa muda mrefu kiasi kwamba sikuwa tena na hakika kama ninaona ugonjwa au ninaona makosa yake tu. Dakika ya tatu, namba ikashuka: mia na kumi. Ya nne, mia na mbili. Rangi ikaanza kurudi kwenye midomo yake. Ya sita, tisini na moja. Nikampima shinikizo la damu, kumi na moja kwa saba. Kwenye kioo ile mistari ya nafasi kati ya mapigo, iliyokuwa imenyooka kama meno ya kitana, ikaanza kupishana, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Nyekundu ikawa manjano. Ilipofika dakika ya tisa ikawa kijani, na Naomie akafungua macho akauliza kama anaweza kupewa maji.

Nilimtazama Stéphane. Nilitaka kumwona anameza mate. Nilitaka, kwa mara moja tu, aseme "nilikosea", au hata "je vérifie".

Aliikunja barua, akaitia mfukoni nyuma ya kalamu. Akavuta miwani. Akamwendea Naomie, akamwekea stetoskopu mgongoni, akasikiliza kwa muda mrefu ajabu, kisha akatangaza, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye korido:

"Voilà. Traitement ya position, dawa ya kumugeuza mama. Imefaulu. Moyo imerudi normal, mutoto atabakia mu tumbo."

Akina mama mlangoni wakapiga makofi. Ndiyo, walipiga makofi. Naomie akamshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamtoka upya.

"Aksanti, docteur. Aksanti sana. Mungu akubariki."

"Ni kazi yetu, ma fille," akasema.

Mdomo wangu ulikuwa umefunguka tayari. Maneno yalikuwa yamepangwa vizuri, nilikuwa nayo tangu wiki tatu. Lakini ili nimwambie Naomie kwamba mtu huyu nusura ampokonye mtoto kwa sababu ya salamu, ingebidi nimweleze nilijuaje haraka vile kosa lilikuwa wapi. Nilijua kwa sababu nilikuwa nalicheka kila siku saa nne, na mkate mkononi. Nikafunga mdomo. Nikaenda kumwambia dereva arudishe gari.

Tangu siku hiyo swali niliuliza mimi, na -ka yake. Stéphane hakupinga, alisema amenikabidhi "sehemu ya luga" kwa kuwa ana majukumu mengine. Akina mama ishirini na sita waliotangulia walibaki walivyoandikwa. Nilimwambia tuwaite tena, akasema karatasi zimeshatumwa. Namba ya simu ya chuo ilikuwa chini ya maelekezo, naijua kwa moyo, na sikuipiga. Mahali fulani Lubumbashi kuna mtu mwenye digrii anayeamini kwamba wanawake wa Kasulo hulala chali na mioyo yao inateseka, naye anashangaa.

Naomie alifika wiki thelathini na tisa na siku mbili. Alizaa mikononi mwangu mchana wa Alhamisi, amelala ubavu wa kushoto kama alivyopenda, na mume wake Glodi ameketi nje ukutani, vumbi la shimo bado kichwani. Mtoto wa kiume, kilo tatu na gramu mia mbili. Alilia kabla hajatoka mwili wote. Alilia nilipomfuta, akalia nilipompima, akalia kifuani kwa mama yake kwa hasira ya mtu aliyecheleweshwa, na Naomie alikuwa anacheka na kulia pamoja naye. Stéphane siku hiyo alikuwa ameenda kwenye semina.

Nikafungua daftari la waliozaliwa, nikamuuliza jina.

"Stéphane," akasema.

Nikamwambia sijasikia vizuri.

"Stéphane, mama. Majina ya docteur. Kama haikuwa ye, huyu hangekuwa."

Nilikaa na kalamu. Tulikuwa sisi wawili tu na mtoto, hakuna wa kunizuia. Ningeweza kumwambia. Nilimtazama, na yeye alinitazama kwa macho yaliyojaa shukrani, mimi pia nikiwa ndani ya shukrani hiyo, mama Mushiya mwema aliyekunja kitenge. Nilimdharau Stéphane Lukusa pale kuliko siku yoyote nyingine, kisha nikatafuta ndani yangu jambo moja la kunitofautisha naye, na nililolipata ni kwamba mimi nilijua.

Nikaandika. Naomie hasomi vizuri, akaniomba nimsomee alione limekaa sawa. Nikamsomea jina lile kwa sauti, na mtoto akaacha kulia, akasikiliza.